Msikizaji wa Majonzi na Haki ya Nafsi Yake

Limeenea mjini petu lalamiko ambalo tumelisikia barazani, na mlangoni mwa msikiti, na katika masuala yaletwayo kwenye darsa letu. Lawahusu watu ambao kazi yao ni kuwatuliza wenye nafsi zilizojeruhiwa, hao waitwao siku hizi washauri nasaha, na wenzao waliozidi kusoma, matabibu wa nafsi. Husemwa hivi: "Mtu huyu amesomea kuwahurumia wanadamu, kisha anatazama saa. Ukimwendea nyumbani baada ya magharibi hakufungulii. Ukikutana naye arusini hukupita kama asiyekujua. Na juu ya hayo yote ataka malipo. Ni huruma gani hiyo?"

Twaona suala hili lastahiki kujibiwa kwa makini, kwani ndani yake limo suala jingine lililo kubwa kuliko hilo la saa na malipo. Nalo ni hili: mwenye kazi ya kubeba mizigo ya wengine, je, nafsi yake ina haki juu yake? Au kila saa anayojipumzisha ni saa aliyowaibia wenye shida? Wako wanaojibu upesi kuwa kupumzika ni ubinafsi. Wako na wengine, khasa vijana waliosoma, wanaojibu kwa upesi uleule kuwa mtu aanze na nafsi yake kabla ya mwengine yeyote. Sisi hatukubaliani na hao wala na hawa, na sababu zetu tutazieleza.

Yafaa kwanza ijulikane kazi yenyewe. Wengi wadhani kuwa kusikiliza si kazi, kwa kuwa msikizaji hatoki jasho wala hainui kitu. Lakini tazama. Seremala ana randa na msumeno. Vikiwa butu hutia tupa, na vikivunjika hununua vingine, na yeye mwenyewe yuko palepale. Mshonaji ana cherehani yake. Huyu tunayemzungumza chombo chake ni moyo wake mwenyewe, na hicho hakiuzwi dukani. Asubuhi huketi na mama ambaye mwanawe ameuza masufuria ya nyumba kwa ajili ya unga. Akitoka mama huyo huingia mke aliyepigwa hata akapoteza mimba. Baada yake huingia baba aliyemzika mtoto aliyekufa maji, naye haneni neno, atazama ukuta tu, na msikizaji yampasa aketi naye katika kimya hicho bila ya kukikimbia. Na baada ya chakula cha mchana huletwa mtoto mdogo aliyefanyiwa jambo na jamaa wa nyumbani mwao. Haya yote ni ya siku moja. Tena hatakiwi alie nao hata akashindwa kusema, wala hatakiwi awe mkavu kama karani wa stakabadhi. Atakiwa awe karibu nao kiasi cha kuyaona wanayoyaona, na mbali nao kiasi cha kuweza kuwaonyesha njia. Kusimama mahali hapo baina ya viwili ndiyo kazi, na ni kazi nzito.

Mwaka 2023, huko Shakahola katika kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wanaume, wanawake na watoto, walioaminishwa kuwa wafunge kula hata wafe. Jamaa walikuja Malindi kutoka pande nyingi za nchi kuwatafuta watu wao, na walikuwapo waliopewa kazi ya kuketi na jamaa hao, mmoja baada ya mmoja. Nchi nzima iliuliza khabari za waliokufa na za walioachwa, na ilikuwa haki kuuliza. Ni wachache mno walioliza suala la tatu: yule aliyeketi nao tangu asubuhi hata jioni, alirudi kwake na nini kifuani?

Jambo hili wataalamu wa zama zetu wamelichunguza. Herbert Freudenberger, tabibu wa nafsi wa New York, aliandika mwaka 1974 khabari za watu waliokuwa wakihudumu katika zahanati za bure kama ile aliyofanya kazi yeye. Aliona kuwa waliokuja na bidii kubwa, wasiojua kusema "leo basi", ndio waliozimika. Hali hiyo aliiita kwa neno la kitu kilichoungua hata kikamalizika. Baada yake Christina Maslach wa California, pamoja na mwenzake, alitoa mwaka 1981 kipimo cha kuitambua hali hiyo kwa alama tatu. Ya kwanza ni kuchoka ndani kwa ndani, uchovu ambao usingizi hauuondoi. Ya pili ni kuanza kuwaona watu kuwa si watu. Ya tatu ni mtu kudhani kuwa kazi yake haina faida yoyote. Na Shirika la Afya Ulimwenguni, katika orodha ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019, limeitaja hali hii kuwa ni jambo litokalo katika kazi isiyoendeshwa vizuri, si ugonjwa kwa nafsi yake.

Twamwomba msomaji aitazame vizuri ile alama ya pili, kwani hapo ndipo penye jibu la wale wasemao kuwa kupumzika ni ubinafsi. Lau kama aliyechoka angechoka tu, madhara yangekuwa yake peke yake, na mtu aweza kusema kuwa kujitoa mhanga ni jambo la kusifiwa. Lakini mambo hayendi hivyo. Msikizaji aliyechoka hugeuka. Huanza kumwita mtu "yule wa saa nne". Akielezwa msiba husema moyoni kuwa ameshausikia mkubwa kuliko huo. Mwanamke akimwambia kuwa amerudi kwa mume anayempiga, humkasirikia badala ya kutaka kujua ni kitu gani kilichomrudisha. Mwenye shida hana mizani ya kupimia haya. Aona tu kuwa hata mtu aliyesomea huruma hakumhurumia, kwa hivyo kosa lazima liwe ni lake mwenyewe, na hutoka mle chumbani akiwa mgonjwa kuliko alivyoingia. Basi mapumziko ya msikizaji si mali yake peke yake. Ndani yake mna haki ya mtu atakayekuja kesho saa nne.

Wanazuoni wetu wa fikhi waliijua hukumu hii kabla ya wataalamu hao, ingawa waliinena katika mlango mwengine. Imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amemkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili ilhali ana hasira. Wanazuoni hawakuishia penye hasira. Walitazama sababu ya katazo, wakaona ni kuvurugika kwa fikira, na kwa kiasi wakaingiza njaa kali, na kiu, na usingizi unaomshinda mtu, na huzuni kubwa, na maradhi yenye kuumiza. Hakuna aliyesema kuwa kadhi mwenye kuahirisha kesi kwa sababu ya njaa ni mvivu au ni mpenda tumbo. Walisema kuwa anahifadhi haki za watu. Sasa twauliza: ikiwa mwenye kuamua khitilafu ya kiwanja na mnazi hukatazwa kukaa kitini akiwa amechoka, vipi tumlazimishe kukaa kitini mwenye kuamua kama kijana aliye mbele yake yu katika khatari ya kujiua usiku huu au hayumo?

Na kisa cha Salman na Abu Dardaa chajulikana na kila aliyekaa darsani. Abu Dardaa alijishughulisha na ibada mchana na usiku hata mkewe akawa kama mtu asiye na mume. Salman akamzuia, akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki, na nafsi yake ina haki, na jamaa zake wana haki, na kila mmoja apewe yake. Na Mtume akamthibitisha Salman katika neno lake. Ikiwa ibada yenyewe haikuwa udhuru wa kuidhulumu nafsi na nyumba, basi kazi ya mshahara haiwi udhuru. Tumewasikia watoto wa watu wenye kazi hizi wakisema kuwa mama husikiliza mji mzima, na sisi akirudi hatusikilizi. Hilo nalo lina hisabu yake.

Matabibu wa zamani katika nchi za Kiislamu nao hawakuliacha jambo hili. Ishaq bin Ali al-Ruhawi, aliyeishi karne ya 9, alipoandika kitabu chake cha adabu za tabibu alianza na tabibu mwenyewe, itikadi yake na mwili wake na viungo vyake, kabla ya kufika kwa mgonjwa. Na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili na kuisahau nafsi, akafundisha kuwa mtu ajiwekee fikira njema wakati wa utulivu, zimfae wakati wa dhiki, kama mtu awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua. Twataja haya ili isidhaniwe kuwa kujitunza kwa mwenye kutibu ni bidaa iliyoletwa na vyuo vya Ulaya.

Hapa husimama wazee na kutupinga, na hoja yao ina uzito. Wasema: "Sisi tuliona mababu zetu wakiwasikiliza watu bila ya saa na bila ya malipo. Imamu alikuwa akiamshwa usiku wa manane kwenda kupatanisha mume na mke. Bibi alikuwa na wajukuu na majirani wote kifuani mwake. Mbona wao hawakuungua?"

Twajibu kuwa ni kweli waliyoyaona, lakini hawakuona yote. Mzigo wa zamani haukuwa juu ya kichwa kimoja. Bibi arusi alikuwa na somo yake wa kumwambia ya chumbani. Kijana alikuwa na mjomba wa kumwambia asiyoweza kumwambia babake. Mfiwa aliketi tangani siku tatu, na nyumba ikajaa watu wanaopokezana kulia na kupika. Imamu alijua sehemu yake, na mwalimu wa chuo sehemu yake, na jirani sehemu yake, hata dhiki ya mtu mmoja ikawa imebebwa na watu kumi bila ya yeyote kujijua kuwa yu kazini. Pili, msikizaji wa zamani alikuwa na mkono wa kutenda. Bibi akisikia kuwa mjukuu wake apigwa, huvaa buibui akenda kwa wakwe, na jambo likasemwa. Mshauri wa leo haruhusiwi kuvaa buibui akenda. Yampasa angoje mpaka mwenyewe apate nguvu za kuamua, na kungoja huko kunachosha kuliko kwenda.

Na tatu, ambalo ndilo kubwa, msikizaji wa zamani aliweza kusema. Bibi alimwambia dadake, na dadake akamwambia mumewe, na mzigo ukapungua kwa kila aliyeambiwa. Ukapungua, lakini ukaenea! Wakaao Kibokoni na Kuze wajua kuwa neno lililosemwa asubuhi kwa kunong'onezwa halifiki alasiri kabla ya kuuzunguka mji. Na hiyo ndiyo sababu watu wetu leo huwaacha bibi na mjomba wakamwendea mgeni aliyefunga mlango: wanataka sikio lisilo na mdomo. Basi tukishamtaka awe hana mdomo, tumemtia uzito ambao wazee hawakuwa nao. Ayajua ya familia ambazo jina lao huheshimiwa msikitini, na huketi nao safu moja asiseme. Mpaka majuzi alikuwa akijua hata yaliyokuwa jinai kwa sheria za nchi, kwani mtu aliyejaribu kujiua aliweza kushitakiwa kwa kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu, hata Mahakama Kuu ilipokitangaza mwezi wa Januari 2025 kuwa kinapingana na katiba. Mtu wa namna hiyo hafananishwi na bibi kizee wa barazani.

Kwa haya yafahamika pia lile la arusini. Mshauri akikupita bila ya kukuanza kwa mazungumzo, hakukudharau, amekusitiri. Angekukimbilia kwa furaha mbele ya wifi zako, ndani ya saa moja wangeuliza mmejuana wapi. Wewe ukimwanza atakujibu salamu vizuri, kwa kuwa siri ni yako na khiari ni yako. Na malipo vilevile hayana haja ya maneno mengi: daktari wa meno hulipwa na hatumwiti asiye na huruma, na mwalimu wa madrasa hulipwa ingawa kidogo mno. Lakini asiye nacho asirudishwe mlangoni, na njia ya hilo ni wakfu na sanduku la msikiti, si kumtaka mshauri afunge njaa.

Liko suala moja ambalo dada mmoja mwenye kazi hii alituletea kwa maandishi, nalo lilitupendeza kwa uchaji uliomo ndani yake. Katika adabu za kazi yao kila mshauri huwa na msimamizi, mtu aliyemzidi ujuzi, ambaye humwendea kwa nyakati maalumu na kumweleza kesi zinazomtatiza na namna zilivyomgusa yeye mwenyewe. Katika Uingereza jumuiya yao kubwa huwataka wanachama wenye ithibati wafanye hivyo si chini ya saa moja na nusu kila mwezi, hata awe amefanya kazi miaka thalathini. Dada huyu aliuliza: je, kuyasema ya watu kwa msimamizi si kusengenya? Na kama ni kusengenya, je, si bora abebe peke yake?

Twasema kuwa si kusengenya, na kubeba peke yake si bora. Imamu Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, ametaja mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa asilolipenda huruhusiwa kwa sababu ya haja ya kisheria, na mojawapo ni kutaka fatwa. Dalili yake ni Hind, mkewe Abu Sufyan, aliyemweleza Mtume ubakhili wa mumewe ili ajue lipi limfaalo kufanya, wala hakukanywa kwa kumtaja. Lakini Nawawi huyohuyo ameonyesha kuwa lililo salama zaidi ni muulizaji kutotaja jina, bali aseme: wasemaje juu ya mtu ambaye hali yake ni kadha wa kadha, kwani makusudio hupatikana bila ya jina. Hii ndiyo njia khasa ya msimamizi. Jina lifichwe, na mtaa ufichwe, na lile liwezalo kumjulisha mtu lifichwe, na lisemwe lile tu lenye kuhitajiwa, kwa mtu mmoja aliyefungwa na amana ileile. Katika mji mdogo kama wetu, ambapo ukisema "mwenye duka la vitambaa aliyeoa mara ya tatu" umeshataja jina, ni bora msimamizi awe wa mji mwengine, na leo simu yatosha kumfikia. Ama kuyasema hayo kwa mashoga wawili jikoni, au kuyaandika katika kundi la WhatsApp la wenye kazi moja, kisha ikasemwa kuwa ni kujipunguzia uzito, hiyo ndiyo ghiba yenyewe iliyovishwa nguo.

Tena msimamizi huona asiloliona mtu mwenyewe. Sigmund Freud, ambaye katika mambo mengi ya dini na nafsi hatumfuati, aliandika mwaka 1937 kuwa mwenye kuwatibu wengine kwa njia yake hiyo ya mazungumzo afaa arudi yeye mwenyewe kutibiwa kila baada ya miaka mitano hivi, wala asione haya. Neno hili ni la haki hata likitoka kwake. Na wanasaikolojia wa Marekani wameandika katika kanuni za maadili yao kuwa atambuaye kuwa mashaka yake ya binafsi yataka kuiharibu kazi yake, yampasa atafute msaada, na apime kama apunguze kazi, au aisimamishe, au aiache. Katika kanuni hizohizo wamemkataza kuwa na mahaba na aliyekuwa mgonjwa wake mpaka ipite miaka miwili kwa uchache, na hata hapo ni kwa nadra sana. Walitambua kuwa mtu aliyekufungulia moyo akiwa amevunjika hayuko sawa nawe, na kuwa msikizaji mpweke, aliyenyimwa haki za nafsi yake kwa muda mrefu, huweza kuzitafuta kwa yule aliye mbele yake. Sisi tuna katazo la mwanamume na mwanamke ajinabia kuwa faraghani, na wenye vituo wasilidharau: mwanamke asikilizwe na mwanamke ikiwezekana, na isipowezekana, mlango uwe na kioo na mtu awe karibu asipoweza kusikia.

Sasa tugeuke upande wa pili, kwani hatukusema haya ili tuwape watu mto wa kulalia. Neno hili la kujitunza limeshaingia sokoni. Latangazwa kwa manukato, na kwa mafuta ya kusinga, na kwa siku mbili za hoteli ya pwani, hata mtu akadhani kuwa aliyechomwa na majonzi ya watu hupona kwa kuoga maji ya waridi. Hatukatai mapumziko ya halali. Twasema kuwa kuogelea Jumapili hakumfai kitu mtu ambaye Jumatatu amepangiwa watu kumi na wanne na mkubwa wa kituo. Huyo hakukosa manukato, amekosa mwenzake wa kugawana naye kazi, na kumwambia ajitunze ni kumtupia yeye lawama iliyo ya waliompangia.

Wako na wengine, wachache lakini wako, ambao wameigeuza haki ya nafsi kuwa udhuru. Humkwepa mgonjwa mgumu kwa kusema kuwa humchosha, na huwaweka wale wepesi wenye kulipa. Huzima simu Ijumaa jioni ilhali wajua kuwa kuna kijana aliyetoka kwao mchana hali yake si ya kuaminika, wala hawakumkabidhi kwa mtu. Hapo hapana haki ya nafsi. Mwenye kwenda kulala ni lazima awe ameacha mlinzi. Tabibu wa hospitali hutoka zamu akiwa amemkabidhi mwenzake wagonjwa, na mshauri vivyo hivyo: amwambie mwenye shida waziwazi ni nani wa kumwendea usiku, na jamaa gani akae naye, na hospitali ipi ipokee. Akishafanya hivyo na afunge mlango wake, na tusimgongee.

Na kuna wanaoingia kazini bila ya elimu kabisa, kwa cheti cha siku tatu au kwa moyo mwema tu. Imekuja katika mapokezi kuwa anayejifanya tabibu naye hakujulikana kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2014 juu ya washauri na wanasaikolojia nayo yataka wasajiliwe. Mtu wa namna hii huungua upesi kuliko wote, kwa kuwa hakufundishwa hata namna ya kuuweka mzigo chini. Na afadhali huyo kuliko fundi wa majini, ambaye hulipwa mbuzi wawili na kumwambia mama aliyefiwa kuwa kilio chake ni pepo.

Imebaki sehemu ya jamii, nayo ndiyo tuliyokuwa tukiikusudia. Imamu Ghazali alilalamika katika Ihya kuwa miji mingi ya zama zake haikuwa na tabibu ila wa dini nyingine, ilhali wanafunzi wa Kiislamu wamesongamana katika fikhi ya mabishano, na hali utabibu ni faradhi ya kutosheleza, ambayo ikiachwa na wote hupata dhambi wote. Sisi twaitazama miji yetu na kuona jambo hilohilo katika utabibu wa nafsi. Tangu kilipofunguliwa mwaka 2015 kituo cha Malindi cha kuwapa dawa ya methadoni waliozama katika unga, watu wameona kwa macho kuwa dawa peke yake haitoshi, yataka mtu wa kuketi na kijana na jamaa zake miezi na miezi. Wako wapi watu hao? Mtaa mzima una mmoja, au hauna. Na huyo mmoja tumemgeuza kisima cha pekee, kisha twamlaumu kwa kuwa kamba haifiki maji. Mlango wake ukifungwa saa kumi na moja hatuna haki ya kulalamikia kufungwa kwake, kwani sisi ndio tuliouacha uwe mlango mmoja.

Binti akisema nyumbani kuwa ataka kusomea kazi hii huambiwa kuwa atakaa na wendawazimu na hataolewa. Kijana akisema huambiwa kuwa haina fedha, aende bandarini. Na wale waliokwisha kusoma huenda Nairobi, kwa kuwa huku hapana msimamizi wala mwenza wala mshahara unaotimia kwa wakati. Tumezungumza na baadhi ya wazee juu ya chumba kimoja kilicho juu ya madrasa, kitumiwe na washauri wawili wa kike na mmoja wa kiume kwa zamu, na sanduku la msikiti liwalipie wasio nacho. Wazee hawajakubali wala hawajakataa. Wazazi ambao watoto wao wamemaliza masomo ya sekondari mwaka huu na wana moyo wa kazi hii, twawaomba waje tuzungumze nao baada ya sala ya isha, siku yoyote ya darsa.